Mbale au Kabale? Kuchagua njia ya ziara ya baiskeli na muziki Uganda

Bendi ndogo inayotaka kuzunguka Uganda kwa baiskeli, ikipiga muziki kila inapolala, kwa kawaida huanza kwa kufungua ramani na kuhesabu kilomita. Mimi naona hesabu ianzie usiku. Ukiingia mjini saa kumi na mbili jioni ukiwa hoi, vidole vimekufa ganzi na koo limejaa vumbi, utakachopiga jukwaani ni adhabu, kwako na kwa waliotoka majumbani kuja kukusikiliza. Huku jua huzama karibu saa moja kasoro mwaka mzima, kwa hiyo hakuna jioni ndefu ya kukuokoa. Njia nzuri kwa mwanamuziki ni ile inayokufikisha saa sita au saa saba mchana, mahali penye watu, ukiwa bado na pumzi.

Kwa kipimo hicho nalinganisha njia mbili ambazo wengi huzitaja wakikaa kupanga: ya mashariki hadi Mbale na maporomoko ya Sipi, na ya kusini-magharibi hadi Kabale. Ipo ya tatu, ya kaskazini hadi Gulu. Hiyo nitaigusia tu, ingawa kwa anayeimba Kiswahili ina jambo lake.

| | Mashariki | Kusini-magharibi |
|---|---|---|
| Vituo | Kampala, Jinja, Iganga, Mbale, Sipi | Kampala, Kayabwe, Masaka, Lyantonde, Mbarara, Ntungamo, Kabale |
| Umbali | takribani km 270 | takribani km 410 |
| Milima | michache hadi Mbale, kisha mpando mmoja mkali wa Sipi | vilima vya wastani, kisha milima ya kweli kuelekea Kabale |
| Malori | mengi mno hadi Iganga, kisha yanapungua | yapo njia nzima, ya Rwanda na Kongo |
| Muziki wa huko (maelezo yako chini) | embaire, bigwala, kadodi | kadongo kamu, ekitaguriro, ekizino |

Barabara yenyewe

Kipande kibaya kuliko vyote kiko mwanzoni mwa njia ya mashariki. Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80 tu, lakini ndiyo barabara inayopitisha mizigo ya kutoka bandari ya Mombasa. Ukiingia msitu wa Mabira, lami inakuwa nyembamba, miti imekaribia, na malori mawili yakipishana hakuna nafasi ya baiskeli iliyobeba ngoma. Anayesema amepita pale bila kuogopa, mwulize alipita saa ngapi. Jumapili alfajiri inapitika. Ijumaa mchana, hapana.

Dawa yake ni kuzunguka: toka Kampala kwa Gayaza hadi Kayunga, kisha shuka kufuata upande wa Nile hadi Njeru, mkabala na Jinja. Safari inazidi kilomita 100, lakini ukilala Kayunga umeigawa mara mbili, na umepata mji wa ziada wa kupigia. Kwangu hiyo si hasara hata kidogo.

Kutoka Jinja hadi Iganga, kama kilomita 40, malori bado mnayo. Halafu inafika njia panda ya Nakalama. Malori yanaendelea kwenda Bugiri na Malaba, nyinyi mnakata kushoto kuingia barabara ya Tirinyi, na ghafla mnasikia sauti ya minyororo yenu. Kuanzia hapo hadi Mbale, kama kilomita 100, ardhi ni tambarare, imejaa mpunga kwenye mabonde ya mto Mpologoma, na baiskeli ndicho chombo cha kila mtu. Mama anakwenda sokoni kwa baiskeli, mwanafunzi amepakiwa nyuma, mwingine amefunga magunia mawili na kuku juu yake. Hamtakuwa kioja, mtakuwa wenzao wenye mizigo ya ajabu kidogo. Kila kituo cha biashara kina fundi chini ya mti.

Hapo pana jambo la kuangalia. Tairi zinazopatikana vijijini ni za baiskeli kubwa za Kihindi, zile nyeusi, na zimeandikwa namba 28. Baiskeli za mbio na za safari za magurudumu ya 700 nazo mara nyingi huandikwa 28. Msidanganyike, hazivaani: ringi ya moja ina kipenyo cha milimita 635, ya nyingine 622. Mwenye 700 abebe tairi ya akiba na tyubu zake tangu Kampala. Mwenye baiskeli ya kawaida ya keria nzito atakwenda polepole, lakini hatakwama popote.

Kusini-magharibi ni kinyume chake. Ukishajikwamua na msongamano wa kutokea Kampala, lami ni pana zaidi na kwa sehemu kubwa ukingo wake unapitika. Mnavuka ikweta Kayabwe, mnaingia Lwera, ule uwanda wa kinamasi kabla ya Lukaya. Ni tambarare, lakini upepo ukiwageukia mtatamani kilima. Mabasi yanapita pale kwa kasi ya kutisha. Ndiko kuliko na mto Katonga, ambao mafuriko ya Mei 2023 yalikata barabara yake kuu na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Kabla ya kupanga safari ya miezi ya mvua, ulizeni hali ya barabara.

Lukaya mtakula. Nyama za vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, zinauzwa kwa kukimbiliwa, na anayetoka kwenye ule upepo hana nguvu ya kukataa.

Taabu ya njia hii ni nafasi kati ya miji. Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130, na hiyo si siku ya kupiga muziki jioni. Lazima mlale Kayabwe au Lukaya. Baada ya hapo Lyantonde, mji wa madereva wa malori, kisha Mbarara, na kila kipande ni kama kilomita 70. Kutoka Mbarara kwenda Ntungamo na Kabale milima inaanza kudai haki yake. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni baridi ya kweli. Mpiga gita aliyezoea joto la Kampala atashangaa vidole vinavyokataa kukunjika. Mkitaka kuongeza Kisoro, ni kama kilomita 75 hivi zaidi kupitia mlima wa Kanaba. Mandhari yake sijaona mfano wake, lakini usiahidi mtu shoo siku hiyo.

Muziki mtakaoukuta

Hapa ndipo mashariki inashinda, na kwangu inashinda kwa mbali.

Busoga, nchi ya Jinja na Iganga, wana embaire, marimba ya magogo makubwa yanayolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume. Haipigwi na mtu mmoja. Wapigaji wanakaa pande mbili wakitazamana, kila mmoja na kazi yake, mapigo yanaingiliana hadi husikii tena nani anapiga nini. Kikundi cha kijiji cha Nakibembe kimeifikisha sauti hiyo hadi majukwaa ya Ulaya. Sasa, mgeni mwenye gita akiikuta embaire jambo la kwanza analotaka ni kujiunga. Asijiunge na gita. Embaire ina sauti tano katika mpangilio wake wenyewe, nyuzi za gita zikiingia zinasikika kama zimetoka mtaa mwingine. Ingia na kayamba, makofi, au sauti yako, na uwaachie wenyewe wakuonyeshe pa kuingilia. Mkitaka kupiga nyimbo zenu, pigeni kwa zamu: wao, kisha nyinyi. Jioni itakuwa nzuri zaidi hivyo.

Busoga hiyohiyo ina bigwala, tarumbeta za vibuyu. Kila tarumbeta inatoa sauti moja, kwa hiyo wimbo haukamiliki mpaka kundi zima liwepo. Ilikuwa ya ufalme, na UNESCO iliiweka mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kukutana na wapigaji si jambo la kupita na kubahatisha. Tumeni mtu mbele, ulizeni kupitia ofisi ya utamaduni ya Busoga, pelekeni zawadi inayostahili.

Mbale kuna kadodi, ngoma za kuwatembeza vijana wanaokwenda jandoni. Imbalu, jando lenyewe, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, na hufunguliwa Agosti pale Mutoto, nje kidogo ya mji. Mwaka kama huo barabara zote za huko zinajaa watu wanaocheza, na ngoma zinasikika kutoka kilima hadi kilima. Ni wakati bora wa kuwa Mbale, na ni wakati mbaya wa kutaka kusikilizwa. Hakuna bendi ya gita mbili na spika ndogo itakayoshindana na kadodi. Mkienda Agosti ya mwaka wa imbalu, shukeni kwenye baiskeli muwe wageni, na shoo zenu zimalizikie Iganga.

Jinja nayo ina wasikilizaji waliozoea vitu vipya. Tamasha la Nyege Nyege lilianzia hapo mwaka 2015, na mji una hoteli na baa za kando ya mto zinazopokea wanamuziki.

Kusini-magharibi haina upungufu wa muziki, ila muziki wake unahitaji muda zaidi kuupata ukiwa mpita njia. Ekitaguriro ya Wanyankole, mikono imeinuliwa mfano wa pembe za ng'ombe wao, utaiona kwenye harusi na hafla. Ekizino ya Wakiga ni ya kuruka na kukanyaga kwa nguvu, na ukishapanda vilima vya Kabale utaelewa miguu ile imetoka wapi. Lakini katika baa za miji ya barabarani, jioni ya kawaida, mtakuta zaidi DJ na karaoke.

Isipokuwa kwa mtu wa gita moja. Kuanzia Mpigi hadi Lyantonde mko katika nchi ya kadongo kamu, na wazee wa kule wamelelewa na sauti za kina Herman Basudde na Paul Kafeero: gita, hadithi ndefu, mzaha, na fundisho lililofichwa ndani yake. Mwimbaji mwenye gita kavu na hadithi ya kusimulia hahitaji spika pale. Watu wananyamaza kumsikiliza, jambo ambalo mashariki ni gumu kulipata, kwani huko wanataka kucheza. Kwa hiyo kama ziara yenu ni mtu mmoja au wawili na nyimbo za kusikilizwa, mizani inaanza kuelekea Masaka.

Kiswahili kinafika wapi

Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini idhini haiitikii kibwagizo. Jinja, Iganga na Mbale ziko karibu na Kenya na ziko kwenye njia ya malori, watu wengi wanakielewa na kibwagizo cha Kiswahili kitarudi kwenu. Buganda, yaani Kampala hadi Lyantonde, ni polepole zaidi. Wapo wazee ambao Kiswahili kwao bado kina harufu ya kambi ya jeshi. Anzeni na Luganda, hata kama ni ubeti mmoja. Mbarara na Kabale ni hivyohivyo kwa Runyankole na Rukiga. Kisha ajabu, mkifika Kisoro Kiswahili kinarudi, kwa sababu Bunagana na mpaka wa Kongo uko pale pale, na rumba inaeleweka na kila mtu.

Kokote mwendako, salamu zisikosee: kodheyo Busoga, mulembe Mbale, agandi Mbarara. Mwendesha baiskeli anayesalimu kwa lugha ya wenyeji kabla hajashuka amekwisha kutangaza shoo yake nusu.

Na hapo ndipo kaskazini inaposimama. Barabara ya Gulu, kama kilomita 335, inapita Bombo kwenye makazi ya Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan, na Bweyale jirani na makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, ambako watu wa mataifa mbalimbali wanaongea Kiswahili sokoni. Gulu mtakuta lukeme, ala ya vidole gumba, na ngoma ya bwola, na mkiendelea hadi West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi, kuna adungu, vinubi vya Waalur, ambazo siku hizi nyingi zinapangwa sauti zinazokubaliana na gita. Kwa bendi ya Kiswahili ningeipenda sana. Kinachonizuia kuipendekeza kwa ziara ya kwanza ni kipande kirefu chenye watu wachache baada ya Luweero, mabasi ya kasi, na pori la Karuma lenye nyani na wanyama wengine, ambalo hulipiti jioni.

Vyombo: keria au pikapu

Swali la gari linafuata njia mliyochagua.

Mashariki inawezekana bila gari. Chukueni engalabi badala ya ngoma nene: ni ndefu lakini ina ngozi upande mmoja tu na mwili mwembamba, inalala kwenye keria kwa urefu. Ifungeni kwa mikanda ya tyubu kuukuu, kama wabeba matoke wanavyofunga mikungu yao. Tyubu inavutika, inashika, na haikati ngozi kama kamba ya nailoni. Chini weka blanketi lililokunjwa, la sivyo kila shimo la barabara linapiga ngoma kabla yenu. Mvua ikinyesha, turubai kwanza kwa ngoma, halafu kwenu. Ngozi ikilegea, moto mdogo wa makuti au majani makavu kabla ya shoo unairudisha.

Gita lilegezwe nyuzi asubuhi kabla ya kuondoka. Jua la saa tano linalopiga mfuko mweusi juu ya keria linaweza kulegeza gundi na kupinda shingo.

Spika ya betri ya kilo kama kumi inatosha ua wa baa. Zaidi ya hapo msibebe, kodisheni. Karibu kila mji mdogo kuna mtu mwenye spika za harusi na matanga, jenereta yake, na kijana wa kuziendesha. Atawatoza, lakini pia atawaletea watu, kwa sababu kila mtu mjini anamjua.

Kusini-magharibi mimi nisingekwenda bila usafiri wa mizigo kuanzia Mbarara. Si lazima pikapu ya kukodi njia nzima, ambayo inakula mafuta na dereva wake anahitaji kitanda na chakula. Ngoma na spika zinaweza kupanda teksi, yaani matatu za huko, asubuhi hadi mji unaofuata pamoja na mmoja wenu aliyechoka. Na kama mnatamani ngoma za Mpambire, kile kijiji cha mafundi kando ya barabara karibu na Mpigi, zungumzeni na fundi mkienda, chukueni mkirudi. Kununua ngoma ya mti mzima kisha kuipandisha Kabale kwa miguu yako ni ushujaa usio na kazi.

Kuhusu mikono: usukani ukibanwa saa nyingi, kidole cha pete na kidole kidogo hufa ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu unakandamizwa kwenye kiganja. Mpiga adungu au gita ainue usukani, avae glavu zenye pedi, abadilishe mshiko mara kwa mara. Mteremko wa Sipi ni mbaya zaidi kuliko mpando wake, kwa ajili ya breki.

Wakati

Kusini na katikati mvua kubwa ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Desemba hadi Februari ni kavu karibu kote, kaskazini pia, ila shule zimefungwa sehemu kubwa ya muda huo. Hilo ni pigo, kwa sababu mchana wa shule ya msingi ndio shoo rahisi kuipata: watoto wamefundishwa ngoma za mashindano ya shule, walimu wanafurahi, na jioni wazazi wanakuja kuona hao waliosimuliwa. Kwa mashariki ningechagua Juni na Julai, nikijua kwamba pande za Mbale mvua ya alasiri haikosekani hata miezi hiyo. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi.

Kila mji, mwoneni mwenyekiti wa LC1 (kiongozi wa mtaa au kijiji) kwanza, kisha polisi wa hapo, kwa barua fupi ya siku kadhaa kabla. Siku ya soko ikiangukia safari yenu, pigeni sokoni mchana nusu saa tu. Watu watawatuza pale pale, noti mkononi au kwa simu, na usiku watajua pa kuwafuata.

Ningechagua ipi

Bendi ya watu watatu hadi watano, ziara ya kwanza, muziki wa kuchezwa: mashariki kupitia Kayunga, mwisho Mbale. Sipi pandeni siku isiyo na shoo, maporomoko yanatosha kuwa shoo. Mtu mmoja au wawili wenye nyimbo za kusikilizwa: Kampala hadi Masaka, na mbele ya hapo kama miguu inaruhusu. Kabale na Kisoro ni za waendesha baiskeli ambao pia wanapiga muziki. Wanamuziki ambao pia wanaendesha baiskeli wataifurahia zaidi wakiwa wamekwisha kuzoeana kwenye njia nyingine.

Kurudi, mabasi ya Mbale na Kabale yanabeba baiskeli chini au juu ya paa. Patana na konda kabla haijapakiwa, si baada, na uvue pedali. Ngoma inaweza kwenda chini na mizigo. Gita lipakate mwenyewe.